Maji Mdomoni Mbele ya Picha

Mwanangu, sogeza kiti hapa karibu, na hiyo simu yako usiifiche. Ndiyo iliyonipa maneno ya leo. Asubuhi nilikuona ukimwonyesha ndugu yako picha uliyoipiga na kuibadilisha rangi humo humo ndani ya simu. Yeye akasema, "Mbaya." Wewe ukajibu, "Hujui kitu." Mazungumzo yakaishia hapo, mmoja akatoka nje, mwingine akanuna. Mimi sikukasirika. Nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu nakumbuka Jumamosi moja ya usichana wangu, kule Masisi, kwetu milimani Kongo, ambapo maneno ya haraka juu ya picha yalikaribia kuharibu kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukirudisha. Na nakumbuka furaha iliyofuata. Hata leo, na magoti haya unayoyajua, nikiikumbuka natamani kuruka.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya kama nguo ya sikukuu. Mimi na kaka yangu Bauma tulikuwa tumeshikwa na picha kama watu wanavyoshikwa na homa. Bauma alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa, na kwetu huyo ni kaka tu. Tulikuwa na apareyi moja ya kupigia picha, sanduku jeusi lenye jicho moja, ambalo mwalimu mgeni alimwachia baba yake Bauma alipokuwa anarudi kwao. Wiki hii alibeba Bauma, wiki ijayo nabeba mimi, na mwenye zamu alilala nayo kando ya kichwa.

Picha zenyewe tulizisafishia kwa Papa Hangi. Huyu alikuwa mpiga picha wa pale Masisi, mtu mnene, mpole, mwenye vidole vilivyogeuka rangi kwa sababu ya dawa. Watu wa milimani walimjia kupiga picha za vitambulisho. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na kidirisha kimoja cha mbao. Kila Jumamosi, wateja walipokwisha, alitufungulia sisi vijana chumba hicho: mimi Sifa, Bauma, na Mateso kutoka Nyamitaba. Baba yake Mateso alifuga ng'ombe, naye Mateso alipiga picha za ng'ombe kuliko za watu. Ukimwuliza kwa nini, alijibu, "Ngombe haiulize picha yake iko wapi."

Sasa sikiliza jinsi Papa Hangi alivyotufundisha. Picha zikishatoka kwenye maji, tulizitundika kwenye uzi wa katani, bado zinadondosha. Kisha kila mtu alipaswa kusema neno juu ya kila picha. Lakini hukuruhusiwa kusema "nzuri" au "mbaya" ukanyamaza. Ulipaswa kuweka kidole mahali unaposemea. "Kama hauna pahali pa kuweka kidole," alisema, "ile neno umeze."

Nikupe mfano. Siku moja nilileta picha ya mama yangu shambani. Unajua maharage yetu ya Masisi yanapanda juu ya miti. Nilikuwa nimemwangalia mama tu, sikuangalia nyuma yake. Picha ilipotoka, Mateso akaangua kicheko. "Mama ya Sifa ameota pembe!"

"Weka kidole," Papa Hangi akasema.

Mateso akaacha kucheka, akasogea. "Hapa. Muti ya maharage inatoka juu ya kichwa ya mama."

"Na dada yako afanye nini?"

Mateso akafikiri. "Asogee kidogo ku kushoto. Muti itabakia pembeni."

Zamu yangu ya apareyi iliporudi, nilisogea kushoto, na Jumamosi mama alitoka peke yake, mwangavu, mbingu yote nyuma ya kitambaa chake. Mwanangu, nilicheza ndani ya kile chumba mpaka nikamwaga maji ya kusuuzia! Umeona tofauti? Neno "ameota pembe" lilinichoma. Neno "sogea kushoto" lilinipa picha. Mtu alikuwa yule yule, na jicho lilikuwa lile lile. Kidole ndicho kilichobadilisha maneno yake.

Lakini Bauma, ee, Bauma hakupokea shauri hata la kumwambia kiatu chake kimefunguka. Ukimwambia picha ina ukungu, anasema, "Iko mawingu njo ilifunika," yaani ni mawingu ndiyo yaliyoifunika. Ukimwambia mtoto ametoka na vichwa viwili, "Mutoto alitikisika, mi nafanya nini?" Kila picha yake ilikuwa na wakili, na wakili alikuwa yeye mwenyewe. Siku moja Papa Hangi alichoka. Hakupaza sauti. Alichota maji safi kwa kikombe, akampa.

"Jaza kinywa. Usimeze. Tukimaliza kusema, njo utameza, halafu utajibu."

Basi Bauma akasimama mbele ya picha zake, mashavu yamevimba, macho yanazunguka. Mateso akamsogelea, akamwangalia kwa karibu na kusema taratibu, "Papa, leo kaka Bauma amekuwa mutu wa heshima." Maji yote yakaruka ukutani. Tulicheka mpaka jirani akaja kugonga. Lakini kuanzia siku hiyo ikawa desturi yetu: mwenye picha anajaza maji mdomoni, wenzake wanasema. Na nakuambia kweli, ilifanya kazi. Ukiwa huwezi kujibu, unaanza kusikia. Baada ya majuma kadhaa Bauma alibadilika hata nikamshangaa. Alisikiliza, alimeza, alitikisa kichwa, akaenda kurekebisha.

Ndipo alipokwenda Kibua.

Mama yake Bauma alikuwa mtu wa huko Kibua, Walikale, upande wa msitu. Mjomba wake, Papa Zakaria, alikuwa mkulima, lakini watu walimjua zaidi kama mwindaji, na mwindaji huyo alikuwa na mbwa mmoja aliyempenda kuliko mkuki wake. Bauma alipanda lori la mizigo pamoja na apareyi, akakaa huko siku chache, na asubuhi moja, kabla hawajaingia msituni, akampiga mjomba picha pamoja na mbwa. Picha moja tu, maana filme, ule mkanda wa ndani ya apareyi, ilikuwa inakwisha.

Bauma aliporudi, kabla hatujaisafisha picha hiyo, dereva wa lori lile alipita Masisi na habari. Alimkuta Bauma barabarani, akapunguza mwendo. "Bauma! Mujomba yako anakusalimia. Imbwa yake imekufa, nguruwe ya pori iliipasua. Anauliza, ile picha iko wapi?"

Bauma alikuja kwangu akikimbia. "Dada Sifa, kama haikutoka vizuri, mujomba hatakuwa na kitu cha kuikumbukia." Jumamosi ilionekana mbali mno. Ilipofika, tuliingia chumbani kwa Papa Hangi kama watu wanaoingia kanisani.

Filme ilitoka! Tulipiga makofi gizani. Tukaweka karatasi chini ya filme na kioo juu yake, tukafungua kidirisha mwanga uingie, tukafunga, tukatia karatasi ndani ya dawa, na hapo chini ya taa nyekundu mjomba akaanza kujitokeza: kwanza shati, kisha uso, kisha mkuki. Kisha mbwa, masikio yamesimama, anaangalia mbele kana kwamba ameitwa. Mateso akasema polepole, "Wee, kaka, hii iko hai." Hata wewe, mwanangu, uliyezoea kuona picha papo hapo, ungeshika pumzi.

Tukaitundika. Bauma akajaza maji mdomoni mwenyewe, bila kuambiwa. Na sisi tukaanza.

Mateso akaweka kidole kwenye shingo ya mbwa. Hapo palikuwa na bonge jeusi, kubwa kama punje ya harage. "Hapa. Hii imbwa iko na rovu?"

Labda hujui rovu. Ni uvimbe wa shingo, na zamani huko kwetu milimani watu wengi walikuwa nao. Waliokuja kwa Papa Hangi walikuwa wakimwomba kwa aibu aufiche, naye aliuficha kwa huruma. Alikuwa na burashi nyembamba sana na rangi nyekundu ya kufanyia retushe, yaani kurekebisha picha. Kwenye filme mambo yamegeuka: kilicho cheusi kwenye picha, kwenye filme ni cheupe. Basi ukipaka rangi pale peupe, unazuia mwanga, na lile doa jeusi halitokei tena kwenye karatasi. Shingo inatoka laini. Watu walikwenda nyumbani wakiwa na furaha, na Papa Hangi akawa amefanya jambo jema. Alilifanya mara nyingi mpaka mkono wake ukawa unalifanya wenyewe.

"Ni kweli, iko rovu," akasema, akisogeza taa. "Maskini. Lakini hiyo haitusumbui. Tunaiondoa, na mujomba ataona imbwa yake iko muzuri kama ilikuwa ingali changa." Akachukua burashi, akaichovya, akampa Bauma kwa upole. "Fanya wewe. Ni picha yako. Pole pole tu. Rangi ikishaingia mu filme, haitoki tena."

Yote tuliyoyafanya yalikuwa ya wema, mwanangu. Kidole kiliwekwa mahali pake. Sababu ilitolewa. Shauri lilitolewa kwa upendo. Na Bauma, yule Bauma mbishi, akapokea burashi bila neno, akainamia filme iliyolala juu ya kioo.

Mimi nilikuwa namwangalia usoni. Mashavu yake yalikuwa bado yamevimba. Tulikuwa tumemaliza kusema, wakati wa kumeza ulikuwa umepita, naye hakuwa amemeza. Na macho yake hayakuwa kwenye ncha ya burashi. Yalikuwa yanaangalia ile picha kwenye uzi, ile shingo ya mbwa, kama mtu anayeaga.

Nikamshika mkono. "Kaka, meza maji."

Akanitazama.

"Meza. Hii kitu iko ku shingo ya imbwa, njo nini?"

Akameza vibaya, akakohoa, akapigwa mgongoni na Mateso, na neno la kwanza lililotoka lilikuwa, "Kengele!"

"Nini?"

"Kengele ya muti! Imbwa ya kuwinda kule haibweke. Mujomba anaivalisha kengele ya muti ku shingo, njo anasikia iko wapi mu pori. Usipoona kengele, imbwa imekufa, ao imeacha kuwinda. Wanaivua ku shingo siku ya kuizika." Akafuta maji kidevuni. "Nikimupelekea imbwa bila kengele, atasema nilimupigia picha ya maiti."

Papa Hangi akachukua ile burashi kutoka mkononi mwa Bauma, akaifuta, akaiweka mbali, juu kabisa ya rafu.

"Mbona haukusema, mwanangu?"

"Papa, nilizani munajua kuliko mimi. Ninyi wote muliona rovu. Nikasema, basi labda nilipiga rovu."

Papa Hangi akakaa kwenye kigoda chake. Nilidhani atakasirika. Badala yake alianza kucheka kidogo kidogo, huku akitikisa kichwa. "Sisi watu ya ngombe na maharage," akasema. "Nimekufundisha kufunga kinywa, sikukufundisha kufungua. Kuanzia leo, mutu akishameza maji, tunamuuliza neno moja mbele ya kugusa kitu chochote: ulitaka tuone nini?" Kisha akamgeukia Bauma. "Haya. Ulitaka tuone nini?"

"Kengele," akasema Bauma. "Na masikio yake inasikiliza."

"Lakini mi sikuona kengele," Mateso akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Niliona rovu. Hata sasa minaona rovu."

Na hapo, mwanangu, ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mateso alikuwa amekosea jina, lakini jicho lake halikukosea. Kengele kweli haikuonekana. Palikuwa na bonge jeusi tu. Bauma angeweza kusema, "Hamjui kitu, nyinyi watu wa milima," na picha ingebaki na doa. Au angeweza kutii, na picha ingebaki bila kengele. Badala yake aliinua ile filme kwenye mwanga na kuuliza, "Sasa tufanye nini ili hata Mateso aione?"

Papa Hangi akasimama kama kijana. "Tuipunguzie mwanga pale tu!" Akachukua spoki ya baiskeli, akabandika kwenye ncha yake kipande cha karatasi nyeusi, kidogo kuliko punje ya harage. Nikapewa mimi niishike, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umetulia. Akafungua kidirisha, mwanga ukaangukia kioo, nami nikatikisa kile kipande cha karatasi juu ya shingo ya mbwa, juu tu ya shingo, huku Bauma na Mateso wakihesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Funga! Karatasi ndani ya dawa!

Ya kwanza ilitoka na shingo nyeupe kama ya padri. Tukacheka. Ya pili bado giza. Mateso akawa anaweka kidole kila mara: "Hapa imezidi. Hapa bado." Ya tatu tukainama wote, vichwa vinne juu ya sahani moja ya dawa. Shati. Uso. Mkuki. Masikio. Na chini ya kidevu cha mbwa, polepole, mdomo wa kengele, umechongwa, wenye ukingo mwangavu, na ndani yake kitu kama manyoya kilichochomoza.

"Kengele!" Mateso akapiga kelele, akanikumbatia mimi na spoki yangu. "Minaiona! Minaiona!" Papa Hangi alikuwa anapiga makofi na mikono yenye dawa. Bauma yeye alikuwa analia na kucheka, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Tulikwenda Kibua pamoja, mimi na Bauma, juu ya lori, picha imefungwa kati ya vibao viwili. Papa Zakaria alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye ile kengele, pale penye kile kitu kama manyoya.

"Majani," akasema. "Majani ingali ndani."

Akatugeukia, na uso wake wote ukafunguka. Alimweleza mkewe, alimweleza jirani, alitueleza sisi: asubuhi, kabla ya kuwinda, kengele hujazwa majani ili isilie njiani. Wakifika karibu na mnyama, ndipo majani hutolewa. "Muliipiga ikiwa haijaanza kazi. Angalia masikio. Inangojea nitoe majani." Akacheka, akafuta macho kwa mkono. Sisi wenyewe hatukuwa tunajua kwamba tumeyaokoa na hayo majani.

Kisha akaitazama tena picha, akakunja uso. "Lakini, Bauma."

"Ndiyo, mujomba."

"Miguu yangu iko wapi?" Kidole chake kilikuwa kimeshuka mpaka ukingo wa chini, pale picha ilipomkata kwenye vifundo. "Watu watasema Zakaria anatembea juu ya nini? Imbwa iko na miguu yote, mi nimekosa?"

Nikamwangalia kaka yangu. Nilijua alikuwa na sababu: mteremko, filme iliyokuwa inakwisha, giza la asubuhi. Bauma hakutoa hata moja. Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa kando ya mlango, akachota maji, akajaza mdomo, akarudi kusimama mbele ya mjomba wake, mashavu yamevimba, anasubiri asikie zaidi. Mzee hakuelewa, akadhani ana kiu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwanangu, ndiyo hayo. Unapotazama picha ya mwenzako, weka kidole. Sema unachokiona kabla ya kusema unachokipenda, na umwachie njia ya kwenda, kama Mateso aliponiambia nisogee kushoto. Usiguse wala kushauri chochote kifutwe kabla hujajua kiliwekwa pale kwa nini. Na yako inapotazamwa, nyamaza kwanza. Sababu zako zitasubiri, haziozi. Lakini ukishasikiliza, fungua mdomo useme ulitaka waone nini, kwa maana hilo hakuna anayelijua isipokuwa wewe. Kama hawakukiona, usiwatukane na usikifute. Tafuta namna ya kukiangaza.

Mungu akupe macho mapana na moyo usiochoka kujifunza. Akupe rafiki kama Mateso, wa kukucheka na kukusaidia kwa pumzi moja, na mkubwa kama Papa Hangi, anayeweza kuiweka burashi yake juu ya rafu mbele ya watoto.

Sasa nenda ukamwite ndugu yako. Mpe simu, jaza maji mdomoni, na umwache aweke kidole.